TELEKOMANDE MOJA KWA VYOMBO VYOTE: NAMNA YA KUICHAGUA



Juu ya meza ya sali yetu ya sinema kuna telekomande tano: ya projekta, ya dekoda, ya lekta ya DVD, ya ampli, na ya televizyo ndogo ya pembeni. Siku ya posho jioni kila mtu anajua inavyokuwa. Picha iko, sauti hapana. Mmoja anafinya hii, mwingine anafinya ile, dekoda inazimika, na wadogo wa darasa la kwanza wanaanza kupiga miluzi. Njo maana kamati ilikusanya franka, na sisi kapita tukatumwa mjini kununua telekomande moja ya kuongoza vyote. Tuliinunua. Haikufaa. Wengi wameuliza feza ilikwenda wapi, na ni haki yao kuuliza. Kosa letu lilikuwa katika hesabu, na hesabu yenyewe ni hii.

Telekomande ni taa inayosema kwa kuwaka na kuzimika. Taa hiyo ni ya infraruji, macho yetu hayaioni. Ukitaka kuiona, elekeza telekomande kwenye kamera ya simu kiisha ufinye kifungo: utaona nuru ya rangi ya zambarau. (Simu zingine zina kichujio kinachoizuia, jaribu kamera ya mbele.) Vyombo vingi vinasikia taa inayopepesa mara 38 000 kwa sekonde moja. Vya Sony vinataka 40 000, na vile vya desturi ya Philips inayoitwa RC-5 vinataka 36 000. Kwa hiyo kila kabila la vyombo lina lugha yake, na telekomande ya projekta ikisema, ampli inakaa kimya kama mgeni.

Telekomande ya vyombo vyote inajua lugha hizo kwa njia mbili. Njia ya kwanza: kiwandani wamekwisha kuiwekea orodha ya lugha na namba zake, nawe unaandika namba ya chombo chako. Njia ya pili: unaweka telekomande ya zamani uso kwa uso na mpya, unafinya kifungo, na mpya inajifunza. Ile ya pili ndiyo inayokula memwari, ni kusema kumbukumbu yake.

Juu ya nini? Tuchukue desturi ya NEC, ambayo vyombo vingi vinaitumia. Kifungo kimoja kinatuma mwako wa milisekonde 9, kimya cha 4,5, kiisha alama 32, kila alama mwako na kimya chake, na mwisho mwako mmoja wa kufunga. Ukihesabu miwako na vimya vyote unapata 67. Telekomande inayoijua lugha ya NEC inatunza tu namba ya chombo na namba ya kifungo, okteti mbili zinatosha. Lakini ile inayojifunza bila kuelewa inaandika urefu wa kila mwako na kila kimya, kama mtoto anayekariri Zaburi katika lugha asiyoijua. Ikiandika okteti mbili kwa kila urefu, kifungo kimoja kinakula okteti 134. Memwari ya okteti 2048 itajaa kwa vifungo 15. Zingine zinafupisha maandiko yao, zinapata zaidi. Lakini mpango ni ule ule.

Sasa mnaona kosa letu. Juu ya karato yake iliandikwa: vyombo 8. Tukafurahi, sababu 8 inapita 5. Hatukuuliza kama vyombo hivyo 8 ni vya orodha ao vya kujifunza. Projekta yetu na ampli yetu havikuwa katika orodha. Telekomande ikajifunza vifungo 9 vya projekta, ikaanza ampli, na katikati ya ampli taa yake ikapepesa mara mbili, ikakataa. Mwuzaji alikuwa amekwisha kutuambia kwamba kitu kilichofunguliwa hakirudishwi.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, mtu ahesabu vifungo, asihesabu vyombo. Hapana vifungo vyote: telekomande ya lekta ina zaidi ya 30, lakini tunaotumia hawapiti 10. Sisi tumeandika kwa karatasi: projekta 9, ampli 12, lekta 10, dekoda 18, televizyo 8. Jumla 57. Telekomande isiyoweza kujifunza vifungo 57, ao isiyo na vyombo vyetu katika orodha yake, hatutaigusa tena.

Kuna jambo lingine, na kwa shule yetu ni kubwa kuliko memwari. Telekomande nzuri zinashika amri nyingi katika kifungo kimoja: washa projekta, washa ampli, washa lekta. Wanaita makro. Ni raha, lakini vyombo vingi vina kifungo kimoja tu cha kuwasha na kuzima. Kikiwa kimewaka, amri ile ile inakizima. Hapa kwetu kura inakatika, gurupe inashika, kura inarudi. Na kila mara ampli inaamka yenyewe, projekta inaendelea kulala. Hapo ukifinya makro, kinachowaka kinazimika na kilichozimika kinawaka. Dawa ni amri mbili mbalimbali, moja ya kuwasha na moja ya kuzima. Chombo kinaweza kuzifahamu hata kama telekomande yake ya asili haina vifungo hivyo. Basi mtu atafute katika orodha ya namba. Kama hakuna, makro iwe ya sauti na picha tu, na kuwasha tuwashe kwa mkono.

Tena mtu aulize: mapile yakitolewa, memwari inabaki? Za zamani zingine zilisahau yote. Jaribu mbele ya mwuzaji: ifundishe kifungo kimoja, toa mapile, kunywa chai, rudisha.

Wengine watatuambia juu ya Harmony ya Logitech, iliyosifiwa sana katika nyumba za Ulaya na Marekani. Kampuni iliacha kuzitengeneza mwaka 2021, na kuipanga kunataka kuunganishwa na mashine zao kwa intaneti. Kwetu hapana. Na ujue kwamba kuna vyombo visivyosikia infraruji hata kidogo: PlayStation 3, kwa mfano, inataka Bluetooth.

Bwana Prefe ametukubalia kurudi mjini siku ya posho ya pili ya mwezi ujao, na safari hii tutabeba telekomande zote tano katika mfuko, pamoja na karatasi ya vifungo 57. Ile ya kwanza haikutupwa: iko kwa mlinzi, inaongoza lekta na dekoda, na mapile yake tumelipa sisi wenyewe. Mwenye nyumbani kwao telekomande inayojifunza atuletee jina lake na namba iliyoandikwa nyuma, mbele ya siku ya tano, tuione.