Je, Wajua? Kikombe cha kahawa chaweza kuua injini

Jioni kwenye ukingo wa bahari mjini Amu, yaani Lamu, muuza kahawa hupita na dele lake na vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Kikombe kimoja huchukua mililita 50 hivi, mafunda matatu basi. Je, wajua kwamba kipimo kinachokipita hicho kidogo tu cha maji, kikiingia pasipofaa, chatosha kupinda chuma ndani ya injini ya gari la tani moja na nusu?

Hesabu yake si ngumu. Chukua injini ya petroli ya lita 2 yenye silinda 4: kila silinda ni sisi 500 (sisi moja ni mililita moja). Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki hapo juu, ambamo hewa na petroli hubanwa kabla plagi haijawasha, ni sisi 55 tu, ikiwa injini yabana mara 10. Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakizidi ile nafasi, pistoni inayopanda hujigonga kama imekutana na jiwe, na krenki huko chini haina habari, yaendelea kusukuma. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni hutoka chini hadi juu kwa sekunde 0.015. Kati ya pistoni isiyoweza kupanda na krenki isiyoweza kusimama pana konrodi, na konrodi ndiyo inayopinda.

Dizeli, ambayo wengi huiona ngumu kuliko petroli, hapa ni dhaifu zaidi. Yenyewe hubana mara 16, 17 au zaidi, kwa hiyo silinda ya ukubwa uleule huhitaji sisi 30 hivi tu. Nusu kikombe na ziada kidogo. Sifa yake ya kuvuka maji yatokana na jambo jingine: haina plagi wala waya za moto za kulowa, hivyo haizimiki upesi. Huendelea kuvuta hadi iyavute maji yenyewe.

Na mvuto huo si mdogo. Injini yetu ya lita 2, kwa mizunguko ileile 2,000 na mafuta yamekanyagwa, humeza karibu lita 2,000 za hewa kila dakika. Mdomo wake katika magari mengi madogo uko nyuma ya taa ya mbele au karibu na rejeta, usawa wa goti la mtu mzima au paja. Lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa Land Cruiser hadi juu ya paa si pambo la watalii. Ni pua iliyohamishwa.

*

Utauliza, Amu na magari wapi na wapi? Kweli, kwa miaka mingi Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijulikana kama mji wa punda na miguu. Bodaboda zimeanza juzijuzi, na ugomvi wake haujesha. Gari la Mwamu hulala Mokowe, bara, na mwenyewe huvuka kwa boti. Lakini kutoka Mokowe barabara kuu ni hii: Hindi, Witu, Gamba, Garsen. Sasa ina lami, ila lami haiinui nchi. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliikata Gamba na Lango la Simba, na masika ya 2024 yakairudia kazi.

Je, wajua kwamba maji hayo mara nyingi hayakunyesha hapo? Mto Tana, wa kilomita 1,000 hivi, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita mabwawa ya umeme, kubwa lao likiwa Masinga lililokamilika 1981, kisha ukashuka nchi tambarare hadi baharini Kipini. Bwawa likijaa likamwaga, maji huchukua siku kufika huku chini. Ndiyo maana dereva anaweza kuondoka Mokowe jua linawaka, mbingu nyeupe, akakuta mbele ya Gamba bahari ambayo jana haikuwapo. Nilivyoona mimi, jua hilo ndilo linalowaponza watu. Mtu haamini mafuriko yasiyo na mawingu.

*

Gari huelea. Wavuvi hawashangai, wenye magari hushangaa. Gari dogo lina sakafu ya mita za mraba 6 au 7. Kila sentimita ya maji inayopanda juu ya sakafu hiyo hulipunguzia uzito wa kilo 60 na kitu. Sentimita 20 tu, na tani nzima na zaidi imebebwa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji ya sentimita 30 yaendayo kasi huweza kusomba gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Usukani wa mashua hufanya kazi majini. Wa gari hutegemea tairi ziguse chini. Hata uzito mkubwa si dawa: Aprili 2024 basi lenye watu zaidi ya 50 lilisombwa Tula, katika kaunti ya Tana River. Wote waliokolewa.

Punda hana mashaka hayo. Akifika kwenye maji asiyoyajua husimama, na fimbo haimsaidii mwenyewe. Twamwita mjinga.

*

Kosa linalomaliza injini mara nyingi si lile la kuingia majini. Ni la ufunguo. Gari likizimika katikati wakati linakwenda polepole, pengine pistoni imegota taratibu na konrodi ingali nzima. Dereva, moyo unamdunda, anapiga stata. Tak. Anapiga tena. Hapo ndipo maji yaliyokaa kimya juu ya pistoni yanasukumwa kwa nguvu zote za betri, na kwa bahati mbaya silinda ya jirani nayo ikapata moto ikasaidia kusukuma.

Fundi anayejua hakubali hata kusikia neno stata. Anafungua plagi zote, au nozeli kama ni dizeli, kisha anageuza krenki kwa spana, kwa mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kwenye tundu la silinda ya tatu, tuseme, maji yanaruka kama nyangumi anapumua, ya rangi ya udongo, yanamlowesha kifua. Halafu anafungua nati ya sampu. Wasiojua hungoja oili; kwanza yanatoka maji. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale pampu inaponyonya. Injini hiyo ingewaka, kitu cha kwanza kupelekwa kwenye beringi kingekuwa maji ya Tana. Ikishazunguka kidogo, oili na maji huchanganyika vikawa kama chai ya maziwa, na rangi hiyo ukiiona kwenye kijiti cha kupimia, usibishane nayo.

Difu nayo huiba maji kwa njia yake. Imekwenda mwendo mrefu, imepata moto. Ikizama ghafla, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, nayo ikafyonza maji kupitia tundu lake la kupumulia. Hakuna anayeikumbuka mpaka ianze kulia.

Konrodi iliyopinda kidogo ina hila. Gari hufufuka, huendeshwa wiki, miezi, na mlio mdogo ambao redio huufunika. Kisha siku moja, mbali na watu, konrodi yakatika na kutoboa bloku. Anayenunua gari la mkononi afanye jambo moja: auvute mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Muuzaji huosha zulia, hufua viti, hupulizia manukato, lakini mstari wa tope ule wa ndani ya mkanda husahauliwa.

*

Sasa turudi kisiwani, kwenye mashine za boti, maana hapa mambo yamepinduka. Mashine ya boti huinywa bahari mchana kutwa na haifi. Pampu yake ndogo ya mpira hufyonza maji ya chumvi, huyazungusha kuipoza injini, na mkojo mwembamba unaotoka nyuma humwambia nahodha kwamba maji yanapita. Ukikatika, azime upesi. Kwenye mlango wa Mkanda, njia ya kwenda Pate, maji yakipwa wakati wa bamvua boti hugusa tope, na tope hilo huila ile pampu kuliko safari kumi za bahari kuu. Hewa, hata hivyo, mashine huivuta juu, chini ya kifuniko. Yaani maji yamepewa njia yake na hewa yake.

Balaa ni mashine nzima kung'oka na kutumbukia, jambo ambalo kwa boti ndogo zenye skrubu zilizolegea hutokea. Je, wajua kwamba mashine iliyoopolewa kutoka baharini isiachwe ikauke juani? Chumvi ya bahari, gramu 35 hivi katika kila lita, haina haraka ikiwa ndani ya maji. Hewa ikiifikia, kutu huanza saa hiyohiyo kwenye krenki, beringi na kuta za silinda. Kwa hiyo kama fundi hapatikani leo, ushauri wa mafundi ni wa ajabu: ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kisha izamishe kwenye pipa la maji baridi na uiache humo mpaka afike.

Mjini Amu pipa hilo hujazwa maji ya visima vya Shela, yaliyochujwa na machuguu ya mchanga. Kizingitini au Ndau, visiwani jirani, maji matamu mara nyingi ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye jabia, na kiangazi kikikaza kila ndoo ina mwenyewe. Mvuvi akirudi na mashine inayochuruzika chumvi, akaomba pipa zima, ajiandae kuulizwa na mkewe nani anakunywa kwanza: watoto au mashine.