Ahadi Katika Picha: Uandishi wa Ratiba za Safari kwa Programu za Mawakala wa Utalii na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Neno 'safari' lilitoka katika Kiswahili likaingia katika Kiingereza na lugha nyingine nyingi za dunia. Huko ugenini limepata maana finyu ya matembezi ya kuwatazama wanyamapori, ilhali kwetu safari ni safari, iwe ya kwenda Maasai Mara au ya kumjulia hali shangazi Kitui. Ajabu ni kwamba hati inayomweleza msafiri siku zake zitakavyokuwa, yaani ratiba ya safari, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza hata pale wakala na mteja wake wanapozungumza Kiswahili tangu salamu hadi malipo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ratiba za safari zenye picha zinavyoandaliwa kwa programu za tarakilishi zinazotumiwa na mawakala wa utalii, na kuonyesha mahali ambapo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya. Hoja yetu ni kwamba ratiba ni ahadi, na ahadi ni deni. Programu inaweza kuipamba ahadi hiyo, lakini haiwezi kuhakikisha kwamba ni ya kweli wala kwamba imeeleweka. Jukumu hilo humwangukia mwandishi anayeifahamu njia pamoja na lugha ya msomaji wake.

Jinsi programu zinavyofanya kazi

Kabla ya kuenea kwa programu hizi, wakala aliandika ratiba katika hati ya kawaida, akabandika picha moja baada ya nyingine, na tarehe ya kuondoka ilipobadilika akalazimika kurekebisha kila ukurasa kwa mkono. Leo zipo programu zilizoundwa mahususi kwa kazi hii, mathalan Wetu ya Afrika Kusini, Tourwriter ya New Zealand na Travefy ya Marekani. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kutabasamu akiliona jina la ile ya kwanza.

Ijapokuwa programu hizi hutofautiana, nyingi husimama juu ya nguzo nne. Ya kwanza ni maktaba ya picha na maelezo ya hoteli, mbuga na miji, ambayo mwandishi huteua badala ya kuanza upya kila mara. Ya pili ni ramani inayounganisha vituo vya safari. Ya tatu ni mpangilio wa siku kwa siku. Tarehe ya kwanza ikisogezwa, zinazofuata husogea pia. Ya nne ni sehemu ya gharama, inayobainisha kilichomo katika bei na kisichomo. Juu ya nguzo hizo huwekwa nembo na rangi za kampuni, kisha ratiba hutumwa kwa mteja kama kiungo cha mtandaoni au kama hati ya PDF. Kiungo kina faida ya kurekebishika hata baada ya kutumwa. Hati nayo husomeka mahali pasipo na mtandao, na inaweza kupigwa chapa. Wakala mwangalifu humpa msafiri vyote viwili.

Mfano wa safari ya Pwani

Tuchukulie kwamba wakala ameombwa kuandaa ratiba ya siku tano kutoka Nairobi hadi Lamu kupitia Mombasa na Malindi. Katika programu kazi hiyo ni nyepesi: mwandishi hutia majina ya miji minne, na papo hapo ramani hupambwa kwa mistari, na picha za Ngome ya Yesu, magofu ya Gede na majahazi ya Lamu hujipanga. Hata hivyo, ugumu huanzia hapo.

Siku ya kwanza msafiri anapanda gari moshi la reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ratiba inasema 'Nairobi hadi Mombasa'. Lakini kituo cha Nairobi kiko Syokimau, na kile cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Msafiri asiyeambiwa hayo atatoka nyumbani akiwa amechelewa, na akifika atajikuta akitafuta gari la kumpeleka Mji wa Kale ambalo halikuwamo katika hesabu yake. Vipande hivi viwili vya njia havina picha ya kuvutia, na kwa sababu hiyo husahaulika kwa urahisi.

Siku ya pili ni ya Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Siku ya tatu msafiri anashika barabara ya Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, na njiani anasimama Gede, mji wa kale ulioingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2024. Maelezo yaliyohifadhiwa katika maktaba ya programu kabla ya mwaka huo hayataitaja hadhi hiyo hadi mtu ayafungue na kuyasahihisha. Maktaba ya programu huzeeka kama maktaba nyingine yoyote.

Siku ya nne ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Ramani inaweza kuchora mstari mmoja mnyoofu kutoka Malindi hadi Lamu, lakini hakuna njia ya kufika mji wa Lamu bila kuvuka maji. Anayekwenda kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, kisha huvuka kwa mashua. Anayekwenda kwa barabara huishia Mokowe, upande wa bara, naye pia huvuka. Ratiba isiyoitaja mashua imemwacha msafiri gatini na mizigo yake, asijue amlipe nani wala kiasi gani. Mwandishi hana budi kukiongeza kipande hicho kwa mkono, akataja muda, nauli na mtu atakayempokea mgeni.

Ukweli wa picha

Picha huweza kusema uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Bahari ya Lamu wakati wa Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, si bahari ya miezi ya Kusi, hasa Juni na Julai, ambapo mawimbi huwa makubwa. Picha ya maji matulivu ya Januari ikiwekwa katika ratiba ya Juni, msafiri ameahidiwa bahari ambayo hataikuta. Vivyo hivyo, Maulidi ya Lamu, ambayo huhusishwa na mwezi wa Mfunguo Sita, hufuata kalenda ya mwezi mwandamo, na mwaka wa kalenda hiyo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa kawaida. Kunakili ratiba ya mwaka jana na kubadilisha mwaka pekee ni kumpeleka mgeni kwenye sherehe iliyokwisha.

Isitoshe, picha ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda kazi ya mpigapicha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzilinda taarifa za mtu binafsi. Haifai, basi, kuchukua picha mtandaoni bila idhini, wala kuweka nambari ya pasipoti ya mteja katika kiungo kinachoweza kufunguliwa na yeyote atakayekipata.

Mitihani ya lugha

Baadhi ya watu hudhani kwamba ili kupata ratiba ya Kiswahili inatosha kutafsiri maneno ya kiolezo. Mambo manne yanaonyesha kuwa sivyo.

Kwanza ni saa. Programu huandika 07:30. Mswahili husema saa moja na nusu asubuhi. Mtafsiri akiandika 'saa 7:30' na kuachia hapo, msomaji anaweza kuelewa saa saba na nusu mchana, na ndege ikawa imekwisha kuruka. Yafaa kuandika 'saa moja na nusu asubuhi (07:30)', mifumo yote miwili ikae bega kwa bega.

Pili ni majina ya siku. Programu nyingi hufupisha jina la siku kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo. Kwa Kiswahili, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote zitakuwa 'Jum', na siku tano kati ya saba zitakuwa na jina moja. Siku hizo ziandikwe kwa ukamilifu.

Tatu ni upatanisho wa kisarufi. Kiolezo huacha pengo la idadi kando ya nomino isiyobadilika. Lakini sisi husema chumba kimoja na vyumba viwili, gari moja na magari mawili, mashua moja na mashua mbili. Kiolezo kisichojua ngeli kitazaa 'chumba 2' na 'mtu 4', na msomaji atajua mara moja kwamba hati hiyo haikuandikwa kwa ajili yake.

Nne ni usiku. Katika matumizi ya jadi ya Pwani, usiku hutangulia mchana wake. 'Usiku wa Ijumaa' ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Msomaji wa bara huenda akauelewa kuwa ni Ijumaa baada ya jua kutua. Kauli 'usiku wa kuamkia Jumamosi' huondoa utata huo, na nafasi ya kulala haitawekwa kwa tarehe isiyofaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba programu hurahisisha upangaji na urembo wa ratiba, lakini mashua ya Manda, bahari ya Kusi na saa ya Kiswahili hubaki mikononi mwa mwandishi. Jambo hili si la mapambo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Familia ya Kakamega inayoweka akiba kwa ajili ya kuiona bahari ina haki ya kuelewa inacholipia.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanachama wa chama chetu waanze kuandika maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu vivutio vya kaunti zao, kila moja la maneno 100 au pungufu, likitaja njia ya kufika, majira yafaayo na gharama zisizoonekana. Pamoja nayo iundwe orodha ya istilahi itakayotumiwa na wote. Programu hizi zina uwezo wa kupokea maandishi ambayo wakala mwenyewe ameyatia. Kinachokosekana ni maandishi yaliyo tayari. Atakayekuwa na maktaba hiyo mkononi siku anapohitimu atakuwa na kitu cha kumpelekea wakala wa utalii pamoja na shahada yake.