Kuvurugika kwa Dosha: Maana Yake katika Ayurveda na Mipaka Yake Hospitalini
Katika Kisanskriti, neno dosha latokana na mzizi wenye maana ya kuharibika. Ni jina la ajabu kidogo kwa nguvu ambazo, kwa mujibu wa Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, ndizo zinazouendesha mwili. Lakini lina sababu: vata, pitta na kapha huuhifadhi mwili zikiwa katika kiasi chake, na huuharibu zikizidi au zikipungua.

Vata, yenye tabia ya hewa, hutawala kila mwendo, na makao yake makuu ni utumbo mpana. Ikivurugika, mtu hufunga choo, ngozi humkauka, viungo humuuma na usingizi humtoroka. Pitta ni moto: huyeyusha chakula, na ikizidi huleta kiungulia, vipele na hasira. Kapha, ya maji na udongo, hushikamanisha na kulainisha. Wingi wake huonekana katika makohozi na unene.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatayaona haya kuwa mageni. Waganga wa kitabu, waliofuata tiba ya Kiyunani iliyoandikwa kwa Kiarabu, nao huupima mwili kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Neno balghamu latoka huko. Na safura, ambalo leo ni jina la maradhi yaletwayo na minyoo, asili yake ni jina la Kiarabu la nyongo. Hata hivyo mifumo hiyo miwili si mmoja, kwani Ayurveda kwa kawaida haiihesabu damu kuwa dosha.

Wengi hudhani kwamba afya ni kuwa na dosha tatu zilizo sawasawa. Sivyo. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, uitwao prakriti, na ugonjwa ni kuuacha mchanganyiko huo. Kwa hiyo vile vidodoso vya burudani vinavyomwambia mtu kwamba yeye ni “pitta” humweleza maumbile yake tu. Havitambui maradhi yoyote.

Kisukari chaonyesha vizuri uwezo na upungufu wa mafundisho haya. Kitabu cha Charaka Samhita chataja aina 20 za prameha, yaani maradhi ya mkojo: 10 za kapha, 6 za pitta na 4 za vata. Za kapha zilihesabiwa kuwa hupona, za pitta kuwa hutulizwa tu, za vata kuwa hazitibiki. Na madhumeha, “mkojo wa asali”, imo katika hizo za mwisho. Matabibu hao waliangalia kwa makini, ila hawakuijua insulini, na hadi leo dosha haina kipimo cha maabara. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa kuambiwa kwamba vata yake imetulia, aweza kufa katika siku chache.

Hatari nyingine imo ndani ya dawa zenyewe. Tawi la rasa shastra huchanganya madini katika dawa kwa makusudi, zebaki ikiwa mojawapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia Kusini na kuuzwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka pamoja na upungufu wa damu huenda amekula risasi bila kujua, na kwa mjamzito madhara humfikia mtoto tumboni. Ashwagandha, ambayo ni mzizi tu, nayo imehusishwa na kuumia kwa ini kwa baadhi ya watumiaji.

Mgonjwa akichekwa, hufichа dawa zake. Muuguzi atapata mengi zaidi kwa kuuliza: “Unatumia nini, tangu lini, na dawa ipi ya hospitali umeiacha?” Kukandwa mafuta na kula kwa saa maalumu si mambo ya kugombania na mgonjwa. Vidonge na unga viletwe kliniki pamoja na kopo lake, hata kama kopo hilo halina maandishi.