Vigeu na Mipaka ya Jaribio la Difyusheni Shuleni

Difyusheni ni msambao wa chembe kutoka eneo lenye ukolezi mkubwa kwenda eneo lenye ukolezi mdogo. Katika jaribio la punje za pamanganeti ya potasiamu, jotoridi la maji ni kigeu huru, na muda wa rangi kuenea ni kigeu tegemezi. Ukubwa wa punje, ujazo wa maji na umbo la chombo hudhibitiwa.

Hata hivyo, udhibiti huo hauondoi kasoro kubwa zaidi. Kwa difyusheni pekee, rangi huhitaji saa kadhaa kusafiri sentimita 1 katika maji yaliyotulia. Ikienea chomboni kote kwa dakika chache, sehemu kubwa ya kinachoonekana ni kazi ya mikondo ya maji, ambayo huzidi maji ya moto yanapopoa. Mwanafunzi anayehitimisha kuwa joto huharakisha difyusheni husema kweli, lakini data zake hazithibitishi hilo.

Jeli ya agari huzuia mikondo hiyo. Hapo hupimwa umbali uliofikiwa na rangi baada ya muda uleule. Ukingo wa rangi bado hukadiriwa kwa macho, hivyo vipimo hurudiwa na wastani hukokotolewa.