Chatu wa Ngoma Naye Atunzwe

Leo tunaweka kando pamba na ng'ombe, tuzungumze na ndugu zetu wa Usukumani ambao vikundi vyao vya ngoma hucheza na chatu, hasa wakati wa Bulabo mwezi wa Juni.

Mwaka jana kikundi kimoja kiliniita. Chatu wao alilishwa kuku asubuhi, saa nane akavikwa shingoni mwa mchezaji. Akamtapika kuku yule mbele ya watu! Wazee wakasema karogwa. Hapana, ndugu zangu. Chatu aliyeshiba hataki kuguswa. Mwacheni siku 4 au 5, na akimeza mnyama mkubwa, wiki nzima au zaidi.

Je, alishwe nini? Panya, sungura au kuku, asizidi unene wa chatu mwenyewe. Chatu mkubwa hutosheka akila mara moja kila wiki 3 au 4. Mpeni mnyama aliyekwisha kuuawa, maana panya hai humng'ata chatu na kumtia kidonda. Tumieni fimbo ndefu, siyo mkono. Mkono unaonuka kuku, kwake yeye ni kuku.

Sasa banda. Liwe la mbao zilizopigwa randa, lisiwe na misumari iliyotokeza, liwe refu aweze kujinyoosha, na mlango uwe na kufuli. Chatu hupata joto lake kutoka nje ya mwili. Kwa hiyo upande mmoja upate jua la asubuhi, wa pili uwe kivulini siku zote. Akikaa kwenye baridi, chakula humwozea tumboni. Akifungiwa juani, hufa upesi. Wekeni karai la maji safi, na mahali pa kujificha. Mkiona macho yamekuwa meupe kama maziwa, anajiandaa kujivua gamba: msimguse.

La mwisho. Chatu hana sumu, lakini akikukaza anaua. Akipita mita 2 na nusu, ashikwe na watu wazima wawili, na mtoto asiachwe naye hata dakika moja. Tena, kabla ya kumfuga, mwoneni ofisa wa wanyamapori wilayani mpate kibali.