Asumini Mlangoni pa Nyumba ya Askari

Askari akaaye katika nyumba za kambi, iwe Mbuya, Naguru au Nsambya, hana bustani ya kujivunia. Ana ukuta, kizingiti na hatua mbili tatu za udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu mithili ya tofali. Tena hajui amri ya uhamisho itamfikia lini. Apandapo mti ardhini, aghalabu kivuli chake hukaliwa na mwingine. Ndiyo sababu twapendekeza mmea utambaao, wenye harufu nzuri, uliopandwa ndani ya debe. Siku ya kuhama hupunguzwa matawi, ukafungwa kamba, ukapandishwa lori pamoja na vitanda.

Wa kwanza kwa cheo ni asumini, ile ile ambayo akina mama wa Mombasa na Unguja huitungia vikuba. Maua yake meupe hufunguka jioni na kunukia usiku kucha, kwani maua ya namna hiyo huwaita nondo warukao gizani. Mtu aliyeshinda lindoni mchana kutwa hurejea kwake saa ile ile harufu inapoanza.

Wa pili ni ule ambao wataalamu waliuita Quisqualis indica, asili yake Asia. Ua lake huchanua jeupe jioni, kisha hugeuka la waridi, mwisho likawa jekundu. Lakini una nguvu nyingi mno. Asiyependa kushika mkasi asiuchukue.

Vitabu vya bustani vya Uingereza visikupoteze. Aina ya asumini iitwayo polyanthum, ambayo husifiwa sana huko, hutaka usiku wa baridi ili ifanye maua. Mwenzetu aliye Kabale aweza kuijaribu, si sisi wa Kampala.

Debe la lita 20, au jerikani lililokatwa juu, latosha kuanzia. Toboa matundu chini, uliinue juu ya matofali mawili ili maji yapate kutoka. Usiweke sahani chini yake, maana maji yaliyotuama ni malezi ya mbu. Changanya udongo mweusi, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Panda mvua zinapoanza, mwezi Machi au Septemba, mahali pafikiwapo na jua la asubuhi. Simika fito ndani ya debe lenyewe. Kuta ni mali ya Serikali, hazipigiliwi misumari ovyo. Maua yakiisha, kata ncha, kwa sababu asumini huchanua kwenye machipukizi mapya.

Wako watakaovutiwa na alamanda, yenye tarumbeta za manjano. Inapendeza macho, lakini harufu yake ni hafifu, na utomvu wake una sumu. Penye watoto wadogo, heri kuiacha.