Mashirika Yasiyolenga Faida na Ukuaji wa Intaneti Nchini Kenya: Mfano wa Kituo cha KIXP

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inaafiki hali ya intaneti ilivyokuwa nchini Kenya mwishoni mwa karne ya 20. Wakati huo, mhadhiri wa Nairobi alipomwandikia barua pepe mwenzake wa mtaa wa pili, nao wakiwa wateja wa kampuni mbili tofauti za huduma za intaneti, barua hiyo ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarejea Kenya kwa safari nyingine kama hiyo. Majirani waliwasiliana kupitia ughaibuni.

Makala haya yanaeleza jinsi kasoro hiyo ilivyorekebishwa. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba tiba yake haikutoka kwa kampuni moja yenye mtaji mkubwa, bali ilitokana na chama kisicholenga faida.

Kiini cha Tatizo

Setilaiti zilizotumika huwa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe unaopaa na kushuka mara moja tu husafiri zaidi ya kilomita 70,000, na hivyo kucheleweshwa. Isitoshe, njia za kimataifa zililipiwa kwa fedha za kigeni, na ujumbe wa jirani kwa jirani ulizitumia wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Katika kipindi hicho, kampuni ya Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, haki iliyofikia kikomo mwaka 2004.

Suluhisho la kiufundi lilikuwa sahili. Kampuni zote zingevuta nyaya zao hadi chumba kimoja chenye mtambo uitwao swichi, kisha zibadilishane humo ujumbe wa wateja wao wa humu nchini. Ugumu ulikuwa katika kuaminiana. Je, chumba hicho kingekuwa cha nani? Kama kingemilikiwa na mmoja wa washindani, wengine wangehofia kwamba angejipendelea au kuwapandishia ada. Ilibidi mlinzi wa uwanja asiwe mchezaji.

Kuanzishwa na Kufungwa kwa KIXP

Jukumu hilo lilitwaliwa na TESPOK, chama cha watoa huduma za mawasiliano nchini kilichoundwa mwaka 1999. Mnamo Novemba 2000, chama hicho kilizindua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kiitwacho KIXP. Kituo cha aina hii hufanana na soko la kijiji: kila mchuuzi huja kwa njia yake na bidhaa zake, nao wote hutoa mchango wa kuutunza uwanja wasioumiliki mmoja mmoja.

Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Telkom Kenya ililalamika kwamba kituo kiliingilia haki yake ya pekee, na baada ya majuma machache tu Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kifungwe. TESPOK ilijitetea kwamba KIXP ilikuwa kundi la watumiaji waliokubaliana kuhudumiana wao kwa wao, jambo ambalo sheria haikukataza. Baada ya takriban mwaka mzima wa mvutano, leseni ilitolewa mnamo Novemba 2001, na kituo kikafunguliwa upya mnamo Februari 2002.

Tukio hili linadhihirisha umuhimu wa chama. Kampuni moja changa ingeweza kukata tamaa, au kutafuta maafikiano ya kuifaa yenyewe. Chama kilizungumza kwa niaba ya washindani wote, na kwa kuwa hakikutafuta faida, hoja yake ilikuwa ya manufaa ya umma.

Matokeo

Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na Internet Society, shirika la kimataifa ambalo pia halilengi faida, ulibainisha kwamba KIXP ilipunguza ucheleweshaji wa mawasiliano ya humu nchini kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kufikia milisekunde 2 hadi 10. Pia iliziokolea kampuni takriban dola milioni 1.5 kila mwaka. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba sehemu ya mawasiliano ya intaneti inayopatikana humu humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Mashirika Mengine

KIXP si mfano wa pekee. KENET, iliyoanzishwa mwaka 1999, huviunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti ili zipate huduma ya intaneti kwa pamoja. Chuo kimoja kikienda sokoni peke yake hununua kwa bei ya rejareja. KeNIC nayo husimamia anwani zote zinazoishia kwa .ke, zikiwemo za vyuo vikuu. Ilikabidhiwa dhamana hiyo mwishoni mwa 2002, baada ya anwani hizo kusimamiwa na watu binafsi tangu 1993. Katika hali zote mbili, kitu kinachohitajiwa na wengi kimewekwa mikononi mwa chombo kisichokuwa na sababu ya kumpendelea yeyote.

Hitimisho

Imebainika kwamba kutolenga faida si suala la ukarimu tu, bali ni sharti la uaminifu miongoni mwa wanaoshindana. Hata hivyo, njia si msafiri. Sehemu kubwa ya ongezeko lililotajwa ilitokana na kampuni za kigeni kuhifadhi humu nchini nakala za maudhui yao. Swichi hupitisha chochote inachopewa, kiwe cha lugha yoyote ile. Soko limejengwa na uwanja umefagiliwa. Lililosalia kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuipeleka huko bidhaa yao, yaani kazi za fasihi, istilahi na matokeo ya utafiti, ili jirani anapomtafuta jirani, lugha yao iwe miongoni mwa vitu atakavyovikuta.